Uzamivu wa sayansi ya neva kutokea Mtwara: uchambuzi wa kisa cha daktari mmoja

Kisa hiki ni cha daktari wa tiba aliyekuwa mtumishi wa umma mkoani Mtwara, akatafuta na hatimaye akatunukiwa shahada ya uzamivu katika sayansi ya neva. Jina lake, wilaya, vijiji, chuo na wasimamizi wake vimeondolewa, na mambo madogo kadhaa yamebadilishwa ili asitambulike. Nitamwita Daktari.

Nimekiandika kwa ajili ya madaktari, wauguzi, walimu wa biolojia na maofisa lishe walioko Mtwara na Lindi ambao huniuliza masharti ya PhD ya fani hii ni yapi, na wanachotegemea ni orodha ya vyeti. Vyeti nitavitaja. Ila kwa Daktari vyeti havikuwa tatizo. Kilichomkwamisha, na ndicho kilichokuja kumvusha, ni swali lake la utafiti: je, linauliza jambo kuhusu mfumo wa neva wenyewe? Linapimika kwa vifaa anavyoweza kuvipata? Na akisimama mbele ya watahini bila msimamizi pembeni, ataweza kulitetea?

Usuli

Daktari alimaliza udaktari wa tiba, akafanya mafunzo kwa vitendo, akapangiwa kituo cha afya kijijini kisha hospitali ya wilaya. Baadaye alisoma uzamili wa epidemiolojia. Alama zake zilikuwa nzuri. Hakuwa amefanya kazi katika maabara ya sayansi ya neva wala kuchapisha makala yoyote, na daktari bingwa wa mishipa ya fahamu aliyeweza kumuuliza maswali alikuwa Dar es Salaam, safari ya basi ya kutwa nzima.

Alichokuwa nacho ni wagonjwa. Miaka ambayo mvua ilikuwa haba, waliletwa kliniki watoto na akina mama wanaotembea kwa ncha za vidole, miguu imekakamaa, magoti yanagongana. Maelezo ya ndugu yalifanana: alilala mzima, akaamka miguu mizito, hali ikafika mahali ikasimama. Haikuzidi wala haikupona. Huo ni konzo.

Konzo huwapata watu waliokula kwa wiki kadhaa mihogo michungu isiyoondolewa sumu vizuri, huku chakula chao kikikosa protini. Muhogo mchungu una kemikali iitwayo linamarini, ambayo ikivunjika hutoa sumu ya sianidi. Mwili huigeuza sianidi kuwa thiosianati na kuitoa kwa mkojo, lakini kazi hiyo inahitaji salfa, na salfa hiyo huletwa na protini ya samaki, kunde au mayai. Anayekula ugali wa makopa kwa mlenda tu, mlo baada ya mlo, anaingiza sumu nyingi huku akikosa kile kinachoiondoa. Kinachoumia ni seli za neva zinazotoka kwenye gamba la ubongo na kushuka uti wa mgongo ili kuamuru misuli. Kwa nini ziumie hizo hasa, na kwa ghafla namna ile, sayansi bado inatafuta jibu.

Ukanda wetu una historia yake katika jambo hili. Ugonjwa ulielezwa mara ya kwanza kwa maandishi mwaka 1938 na daktari Trolli, huko Kongo. Mwaka 1981 ulizuka mkoani Nampula, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, ukawapata watu zaidi ya 1,000. Wenyeji waliuita mantakassa. Mlipuko wa Tarime, kaskazini mwa Tanzania, wa mwaka 1985 ulichunguzwa na William Howlett na wenzake, na makala yao ilitoka mwaka 1990 katika jarida la Brain. Mtwara yenyewe iliripoti wagonjwa miaka ya 2002 na 2003. Hans Rosling, ambaye wengi wanamfahamu kwa mihadhara yake ya takwimu za dunia, alikuwa daktari wa wilaya kule Nacala, Msumbiji, na kazi yake juu ya muhogo, sianidi na kupooza miguu ndiyo iliyompatia uzamivu katika Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, mwaka 1986. Thorkild Tylleskär alifuata chuo hichohicho mwaka 1994, akitumia wagonjwa wa Kongo. Kwa hiyo konzo ilikuwa imeshazaa shahada za uzamivu tangu zamani, tena nyingine zilizotetewa mbali sana na mashamba ya mihogo. Daktari alilijua hilo, na lilimpa ari.

Masharti kama yalivyo kwenye karatasi

Njia ziko kadhaa na hazifanani, na wengi huchanganyikiwa kwa sababu husoma masharti ya nchi moja wakadhani ni ya dunia nzima.

Marekani hupokea hata mwenye shahada ya kwanza. PhD ya sayansi ya neva huko huchukua kwa kawaida miaka 5 hadi 6. Mwaka wa kwanza ni masomo ya darasani (muundo wa mfumo wa neva, seli na molekuli, mifumo ya hisi na mwendo, takwimu) huku mwanafunzi akizunguka maabara tofauti, mara nyingi tatu, ili achague atakakotulia. Kisha unakuja mtihani wa kufuzu, ambao bila kuupita huwi mtahiniwa wa uzamivu. Baada yake ni utafiti chini ya kamati ya tasnifu, na mwisho utetezi. Programu nyingi hulipa ada na posho ya kujikimu, na nyingi zimeacha kudai mtihani wa kujiunga uitwao GRE. Wanachokitazama sana ni uzoefu wa utafiti na barua za watu waliokuona ukiufanya.

Uingereza ni miaka 3 hadi 4, masomo ya darasani ni machache, kuna tathmini baada ya mwaka wa kwanza hivi, na mwisho ni mahojiano ya faragha na mtahini wa ndani na wa nje. Sweden huhesabu miaka 4 ya kazi, sawa na krediti 240, na tasnifu ya sayansi za tiba aghalabu ni makala kadhaa zilizofungwa pamoja na sura ya kuziunganisha, kisha hutetewa hadharani mbele ya mpinzani rasmi.

Hapa nyumbani vyuo husimamiwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Kwa kawaida utatakiwa kuwa na uzamili, andiko la awali, na msimamizi aliyekubali kukubeba. Ukisajiliwa unaandika andiko kamili, unalitetea mbele ya jopo, unatafuta vibali, unafanya utafiti, unatoa semina za maendeleo, unachapisha, unawasilisha tasnifu kwa watahini wakiwemo wa nje ya chuo, unaitetea. Muda wa chini ni miaka 3 kwa anayesoma muda wote. Fani ikigusa binadamu, kibali cha maadili cha kitaifa hutolewa kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, halafu ndipo barua zinaposhuka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kwa mtendaji wa kata na hatimaye kwa mwenyekiti wa kijiji.

Yaliyotokea

*Ombi la kwanza*

Daktari alianzia Marekani. Barua yake ya maombi ilieleza ugonjwa, umaskini, na nia yake ya kuwatumikia watu wa kusini. Kila neno lilikuwa la kweli. Alikataliwa. Profesa mmoja alikuwa muungwana, akamjibu kwa sentensi mbili: umeueleza ugonjwa vizuri sana, hujaeleza unachotaka kukijua kuhusu ubongo.

Ushauri aliopewa na wenzake ulikuwa aombe tena vyuo vingi zaidi. Hakufanya hivyo. Alitulia akasoma misingi iliyomkosa, akahudhuria shule fupi ya sayansi ya neva, za aina ambayo IBRO, shirika la kimataifa la utafiti wa ubongo lililoanzishwa mwaka 1961, limekuwa likiziunga mkono barani Afrika. Aliomba likizo akakaa na daktari bingwa wa mishipa ya fahamu ili ajifunze kupima rifleksi za goti na kifundo kwa namna ambayo mtu wa pili akipima atapata jibu lilelile. Pamoja na wenzake waliandika ripoti fupi ya wagonjwa wao, ikachapishwa. Yote haya hayakuwemo katika orodha ya masharti ya chuo chochote. Ndiyo yaliyomfanya awe na sifa.

*Andiko lenye tasnifu tatu ndani yake*

Alijisajili nyumbani, akiwa na msimamizi mkuu hapa nchini na mwenza aliyekuwa ng'ambo. Andiko lake la kwanza lilitaka kupiga picha za MRI za ubongo, kupima kemia ya damu, na kupima uwezo wa kufikiri na kukumbuka kwa watoto. Mjumbe mmoja wa jopo alimuuliza, "Daktari, hapa naona PhD tatu. Unaomba ipi?" Mwingine akaongeza swali lililouma zaidi: "Na hii ni sayansi ya neva, au ni afya ya jamii?"

Picha za MRI ziliondolewa, na si kwa sababu ya gharama ya kuwasafirisha watoto pekee. Wagonjwa wachache wa konzo waliowahi kupigwa MRI huko nyuma walionekana na ubongo na uti wa mgongo wa kawaida. Jeraha ni la utendaji wa seli kiasi kwamba picha ya kawaida hailioni. Kutumia fedha zote za utafiti kwenye kifaa ambacho kuna kila dalili kitanyamaza kungekuwa uamuzi mbaya hata kama mashine ingekuwa imesimikwa mtaa wa pili.

Swali la pili lilimchukua miezi. Jibu lake, alipolipata, ndilo lililokuwa uti wa mgongo wa tasnifu nzima. Ikiwa sianidi ya muhogo inaumiza njia ya mwendo peke yake, basi watoto wa kaya zile zile wanaotembea vizuri wanapaswa kukumbuka na kujifunza sawa na watoto wa kaya zisizokuwa na konzo. Ikiwa inagusa ubongo kwa upana zaidi, basi tofauti itaonekana hata kwa mtoto anayekimbia na kucheza mpira, na itaongezeka kadiri sumu inavyoongezeka. Michael Boivin, Désiré Tshala-Katumbay na wenzao walikuwa wamechapisha mwaka 2013, kutoka Kongo, matokeo yanayoelekea upande huo wa pili. Daktari akauliza kama ni hivyo pia huku kwetu, na kama ni hivyo, ni kazi zipi za ubongo zinazoguswa. Hapo kila kipimo kilikuwa na sababu ya kuwepo, na jopo likapitisha.

*Vibali*

Kamati ya maadili iliuliza jambo ambalo watafiti wachanga hulisahau: ukimkuta mtoto mwenye konzo ambaye hajawahi kuonwa, utamfanyia nini? Ikabidi aandike mpango wa rufaa na wa mazoezi ya viungo, na autafutie fedha. Fomu ya ridhaa iliandikwa Kiswahili, ikasomwa kwa sauti kwa Kimakonde pale ilipobidi, na watoto wakubwa wakaombwa ridhaa yao wenyewe mbali na ya mzazi.

Mpango wa kupeleka sampuli za mkojo na unga ng'ambo ulikwama kwenye makubaliano ya kusafirisha sampuli. Barua zilikwenda na kurudi. Mwishowe Daktari aliamua kupima huku huku kwa karatasi za pikreti, ambazo ni za njano na hubadilika rangi zikikutana na sianidi, mbinu iliyoendelezwa na Howard Bradbury wa Australia, na kupeleka sehemu ndogo tu ya sampuli kwenye maabara ya hapa nchini kwa uhakiki.

*Nyanjani*

Ratiba ya kwanza ilianza Oktoba. Mtu yeyote wa kusini angemwambia. Oktoba hadi Desemba ni korosho: kaya zimehamia mashambani, watoto wanaokota, wazee wako ghalani wakisubiri mnada. Alikuta nyumba zimefungwa kwa kipande cha kamba. Baada ya hapo kalenda ilipangwa upya kwa miezi ya Mei hadi Septemba, ambayo pia ndiyo miezi ya kumenya na kuanika muhogo.

Nilimtembelea nyanjani katika msimu huo mpya. Kwenye nyumba moja bibi wa kaya alikuwa anachekecha unga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, karibu kiti."

"Makopa haya bibi yalikaa juani muda gani?"

"Zamani tuliyaacha mpaka yalie yenyewe ukiyavunja. Mwaka huu, siku mbili tukatwanga. Hapakuwa na kingine ndani."

Daktari alichota unga kidogo, akauweka kwenye kichupa cha plastiki pamoja na kikaratasi chenye kimeng'enya, akatia maji kidogo, akaning'iniza ukanda wa karatasi ya njano, akafunga kifuniko. Kesho yake alirudi nacho. Ukanda ulikuwa umegeuka kahawia. Akaulinganisha na kadi ya rangi mbele ya bibi na binti zake, mmoja akaishika kadi mwenyewe akaisogeza mpaka rangi zikafanana. Kiwango cha FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, kwa unga wa muhogo ni miligramu 10 za sianidi kwa kilo. Rangi ile ilikuwa mbali juu yake. Kisha akawaonyesha namna ya kulowesha unga, kuutandaza mwembamba kwenye sinia, na kuuacha saa 2 juani au saa 5 kivulini ndipo usongwe ugali. Sampuli ile ingekwenda ng'ambo, familia ile isingeiona rangi hiyo kamwe.

Upimaji wa watoto ulikuwa mgumu zaidi. Vipimo alivyotumia vilitengenezwa Marekani, na baadhi ya picha zilionyesha vitu ambavyo mtoto wa kijiji cha nyanda za Makonde hajawahi kuviona. Picha hizo ziliachwa. Zilibaki kazi ambazo hazitegemei kuvijua vitu: kurudia mfuatano wa ishara za mikono, kupanga pembetatu zifanane na mchoro, kusogeza vitu vidogo kwa haraka. Hata hivyo watoto wengi siku ya kwanza walinyamaza. Mtoto aliyefundishwa kwamba mbele ya mkubwa asiyemjua anangoja kuambiwa, hawezi kuanza kupanga pembetatu kwa sababu mgeni amesema "anza". Wapimaji, wote wasemaji wa Kimakonde, wakaongeza muda wa kucheza pamoja kabla ya kupima, na mzazi akakaa mahali mtoto anapomwona. Wapimaji hawakuambiwa mtoto yupi anatoka kaya yenye konzo.

*Msimamizi aondoka*

Katikati ya safari, msimamizi aliyekuwa na utaalamu wa vipimo vya akili alihamia kazi nyingine na kujitoa. Taratibu za kumpata mbadala zilichukua sehemu kubwa ya mwaka. Takwimu zilikuwepo, lakini hakukuwa na mtu wa kumwambia Daktari kama anazisoma sawasawa. Ni kipindi ambacho alifikiria kuacha, na ninaamini wengi huachia hapo.

*Tasnifu na utetezi*

Mtahini wa nje alianza na swali ambalo kila mtu chumbani alilijua: "Unajuaje kwamba ni sianidi na si njaa?" Watoto wenye sumu nyingi mwilini ni hao hao wasio na samaki wala kunde, na utapiamlo peke yake hudumaza ubongo. Daktari alikuwa amepima urefu, uzito na mzingo wa mkono wa kila mtoto, na alikuwa na watoto waliofanana kwa lishe lakini wakatofautiana kwa kiasi cha thiosianati kwenye mkojo. Alieleza hadi wapi ulinganisho huo unafika, kisha akasema kinachobaki hauwezi kukitenganisha, kwa kuwa salfa ya kuondoa sianidi inatoka kwenye protini ile ile inayokosekana. Alisema hivyo bila kuulizwa mara ya pili. Nilikuwa nimekaa nyuma, nikaona mtahini anaweka kalamu chini.

Akaulizwa pia kwa nini hakutoa alama za watoto kwa viwango vya vitabu vya vipimo. Akajibu kwamba viwango vile ni vya watoto wa Marekani, na kuvitumia kungemwambia tu kwamba watoto wa Mtwara si watoto wa Marekani. Alilinganisha kijiji kwa kijiji jirani.

Matokeo

Alipita kwa masharti ya marekebisho madogo. Safari nzima, tangu kusajiliwa hadi kutunukiwa, ilikuwa zaidi ya miaka mitano, wakati mpango ulikuwa minne. Makala mbili zilikuwa zimeshachapishwa siku ya utetezi. Ya tatu ilikuwa kwa wahakiki. Matokeo yenyewe ya kisayansi siyaweki hapa, kwa sababu yangemtambulisha mara moja.

Vijiji vilirudishiwa majibu katika mikutano ya hadhara, na ofisa lishe wa halmashauri akachukua kadi za rangi kwa kazi zake. Daktari amerudi wodini. Anafundisha kwa muda na anasimamia wanafunzi wachache wa uzamili. Nafasi ya kazi yenye jina la sayansi ya neva hakuipata katika mikoa hii miwili.

Uchambuzi

Kilichofaa kuliko vyote ni ule mwaka ambao kwa nje ulionekana kama wa kupoteza, baada ya kukataliwa. Angetuma barua ile ile kwa vyuo vingine kumi angepata majibu yale yale, maana kasoro haikuwa kwenye idadi. Watu wa vijijini wenye wagonjwa adimu mkononi huvutwa kuamini kwamba uadimu wa ugonjwa unatosha. Ugonjwa adimu ni mahali pa kusimama tu. PhD ya sayansi ya neva inataka dai juu ya neva, dai linaloweza kuonekana kuwa la uongo likipimwa. Daktari alipokuwa na sentensi inayoanza na "ikiwa" na kuishia na tofauti inayopimika, kila mlango uliofuata ulikuwa rahisi zaidi: jopo, kamati ya maadili, wafadhili, watahini.

Uamuzi wa kusoma nyumbani ulikuwa sahihi kwake, na sidhani ni sahihi kwa kila mtu. Aliyetaka kujua kinachotokea ndani ya seli inapokutana na sianidi angehitaji maabara, wanyama wa utafiti na hadubini ambazo Mtwara haina, na kwake Marekani au Ulaya ingekuwa njia bora, pamoja na faida ya posho ya uhakika. Swali la Daktari liliishi kwenye kaya, kwa hiyo na yeye ilibidi aishi karibu na kaya. Gharama aliyoilipa ni fedha: alitegemea mshahara, ruhusa ya masomo ya mwajiri na ruzuku zilizokuja vipande vipande.

Kupima sianidi kijijini kulianza kama njia ya kukwepa urasimu wa sampuli, na kukaishia kuwa sehemu yenye nguvu zaidi ya utafiti. Kaya ziliendelea kushiriki kwa sababu zilipata jibu keshoye. Usahihi wa karatasi ni mdogo kuliko wa maabara, na alilipa deni hilo kwa kuhakiki sehemu ya sampuli na kuandika wazi ukubwa wa tofauti. Watahini hawakumsumbua juu ya hilo hata kidogo.

Kilichoshindikana zaidi ni usimamizi. Chuo kilikubali kwamba utaalamu mmoja wa lazima ukae kwa mtu mmoja tu, bila wa akiba. Katika fani yenye wataalamu wachache hivi nchini, kuondoka kwa mtu mmoja si ajali ya kushangaza. Ni jambo la kupangiwa tangu siku ya usajili. Alichokifanya vizuri Daktari katika eneo hilo ni kuandikiana mapema na wasimamizi nani atakuwa mwandishi wa kwanza wa makala zipi na takwimu zitakaa wapi. Karatasi ile ya ukurasa mmoja ilizuia ugomvi mara mbili, mmoja wao na mwenza wa ng'ambo aliyetaka takwimu zote zihamie kwake.

Takwimu zilimchelewesha kuliko ilivyostahili. Watoto watatu wa nyumba moja wanakula chungu kimoja. Huwezi kuwahesabu kama watu watatu wasiohusiana. Epidemiolojia yake ya uzamili haikumwandaa kwa uchambuzi wa data zenye ngazi za mtoto, kaya na kijiji, akaurudia uchambuzi wote baada ya mhakiki wa jarida kumrudishia makala. Somo hilo lilipaswa kuchukuliwa mwaka wa kwanza, kabla hata idadi ya kaya haijaamuliwa, kwani idadi hiyo nayo inategemea hesabu hiyo hiyo.

Na kuna mpango wa rufaa. Uliandikwa, ukapitishwa, na wagonjwa wapya walipelekwa hospitali. Lakini konzo haina tiba ya kuirudisha miguu, na mazoezi ya viungo yanataka kurudi mara kwa mara mahali ambapo nauli ya kwenda mara moja ni pesa ya chumvi na sabuni ya mwezi. Wengi walikwenda mara ya kwanza tu. Bajeti ya utafiti ilikuwa na fungu la kuwapima watoto hao, na haikuwa na fungu la kuwarudisha hospitali baada ya mwezi wa pili. Kamati za maadili zinapouliza "utamfanyia nini", zinapaswa kuuliza pia kwa muda gani na kwa fedha ya nani, na mtahiniwa anayeandika andiko lake sasa hivi anaweza kuliweka fungu hilo kabla hajaulizwa.